Kengele inayoamsha mmoja, wengine wakalala

Katika ploti nyingi za miji yetu asubuhi huingia kabla ya wakati wake. Saa tisa na nusu za usiku, baridi ikiwa ndiyo kwanza inaanza kuuma, kengele ya kwanza hulia chumba cha tatu. Hiyo ni ya mtu wa mikate. Saa kumi kamili hulia ya dereva wa matatu anayetaka kuwahi zamu ya kwanza pale stejini. Robo saa baadaye yalia ya muuguzi. Ya nne ni ya mwanafunzi mwenye mtihani, ambayo husikiwa na ploti nzima isipokuwa mwanafunzi mwenyewe.

Kuta za vyumba hivi ni za mabati, au ni za mawe ambayo hayakufika juu yakagusa paa. Basi kengele ya mtu mmoja huwa ni kengele ya watu ishirini, na watu hao ishirini hawana saa moja ya kuamka. Wakati mtu wa mikate anapotafuta viatu vyake gizani, yuko mama aliyenyonyesha mpaka saa nane ambaye ndiyo kwanza amefumba macho. Yuko mzee ambaye usingizi wake ukikatika haurudi tena. Na yuko mtoto, na mtoto akiamka hiyo ndiyo asubuhi yenyewe, jua litake lisitake.

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kwa wastani kila nyumba nchini Kenya ina watu 3.9. Tuseme wanne. Kwa wengi wa wakazi wa mijini, wanne hao hulala chumba kimoja, na kinachowatenganisha wazazi na watoto ni pazia.

Mimi nimekaa katika vyumba vya namna hiyo sehemu kubwa ya umri wangu, Nairobi na Mombasa, na nimeona jinsi saa ya bei ndogo inavyoweza kuwanunisha majirani mwezi mzima. Wahenga walituambia, "Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe." Methali hii watu huitumia katika mambo ya siasa na biashara. Lakini aliyelala chumba kimoja na mtoto mchanga aijua kwa njia nyingine kabisa: ukimwamsha, hulali wewe wala yeye.

Siku hizi iko kengele ya aina nyingine, nayo ndiyo ninayotaka tuizungumze leo. Kengele hii hailii. Hutetema. Huvaliwa mkononi kama saa, au huwekwa chini ya mto, au hupachikwa chini ya godoro, na saa ikitimia humtikisa mwenyewe peke yake. Aliye kando yake haambiwi kitu.

Wengi wanayo tayari bila kujua, kwa maana simu ya mkononi nayo yaweza kutetema bila kulia. Wengine hununua ukanda mwembamba wa mkononi wenye kuhesabu hatua, na kumbe ndani yake mna kengele hiyo hiyo. Aina ya tatu, ambayo haijaenea sana huku kwetu, ni kile kisahani cha kuweka chini ya godoro, ambacho nitakieleza zaidi huko mbele kwa sababu kina historia yake.

Namna inavyofanya kazi si uchawi. Ndani yake mna mota ndogo mno, na kwenye mhimili wa mota hiyo pamefungwa kipande cha chuma kilicholalia upande mmoja. Mota ikizunguka, uzito huo usiolingana huivuta huku na huku. Kila mwenye gari ajua jambo hili. Gurudumu likiangusha kile kipande kidogo cha risasi cha kusawazishia, usukani wote hutetemeka ukikimbia barabarani. Kwenye gari hiyo ni hitilafu ya kupeleka kwa fundi. Kwenye kengele yetu ndiyo kazi yenyewe. Simu nyingi za sasa zimeiacha mota hiyo ya kuzunguka, zikatia chuma kinachokwenda mbele na nyuma juu ya springi, lakini matokeo ni yale yale.

Upande wa pili ni ngozi yetu. Ndani kabisa ya ngozi mna vipokezi vidogo vinavyoitwa kwa jina la Filippo Pacini, tabibu wa Italia wa karne ya 19. Kazi yao ni kuhisi mtetemo, na wao husikia zaidi ule wa mara 200 hadi 300 kwa sekunde. Mota za simu hutetema karibu na kiasi hicho. Ndiyo sababu kidude kisichozidi punje ya maharage chaweza kumtoa mtu mzima katika usingizi wa fofofo.

Nami navaa ukanda wa namna hiyo, na huu ni mwaka wa tatu. Usiku wa kwanza niliota nimefumbata nyuki. Nilipofumbua macho, nyuki alikuwa bado yumo mkononi, na chumba kizima kimya.

Fito na madirisha

Msidhani kwamba taabu hii ya kuamsha mmoja na kuwaacha wengine ilianza na simu. Ni ya zamani sana, na kila watu waliitafutia dawa yao.

Yasemekana kwamba Mmarekani Levi Hutchins, fundi wa saa wa New Hampshire, alijitengenezea saa ya kengele mwaka 1787. Saa hiyo ilikuwa na ukaidi wake: ililia saa kumi alfajiri tu, kwa kuwa hiyo ndiyo saa aliyotaka yeye kuamka. Haikumpitia moyoni kwamba yuko mtu mwingine duniani mwenye saa yake. Ilikuwa mpaka mwaka 1847 ndipo Mfaransa Antoine Redier alipopata hataza ya saa ambayo mwenyewe angeweza kuichagulia wakati wa kulia.

Lakini saa zilikuwa ghali, na viwanda vya Uingereza vilikuwa vikifungua milango alfajiri na kumkata mshahara aliyechelewa. Ikazuka kazi ya kuamsha watu. Mwamshaji alipita mitaani gizani, akawaamsha wateja wake kwa malipo madogo ya kila wiki. Mwanzoni waamshaji walibisha milango. Wakaona hasara yake upesi: wakimwamsha mmoja aliyelipa, waliwaamsha na majirani kushoto na kulia, na hao walikuwa hawalipi, tena walikuja juu kwa hasira.

Basi wakabuni njia. Walichukua ufito mrefu, wengine wa mwanzi, wakaufunga nyaya nyembamba nchani, wakawa wanakwaruza dirisha la juu la mteja tu, taratibu, mpaka atoe kichwa. Huko London mashariki, katika miaka ya 1930, mwanamke aliyeitwa Mary Smith alikuwa akipuliza njegere kavu kwa mrija, zikagonga kioo cha anayemtaka. Picha yake ipo hadi leo, amesimama barabarani na mrija mdomoni kama mwindaji wa ndege. Mimi nikiitazama picha ile huona kwamba huyu mama na ukanda wangu wa mkononi ni wa ukoo mmoja. Wote wawili wanamtafuta mtu mmoja katikati ya watu wengi waliolala.

Wajapani nao wana mbinu yao ambayo naipenda zaidi. Madereva wa treni huko hulala stesheni ili waendeshe treni ya kwanza, na kila mmoja ana saa yake ya kuondoka. Kengele ingewaamsha wote. Kwa hiyo chini ya matandiko ya kila mmoja huwekwa mfuko mtupu uliounganishwa na saa na feni. Wakati ukifika feni huujaza mfuko upepo, ukafura, ukamwinua dereva mgongo kama anayesaidiwa kuketi. Kisha hunywea, kisha hufura tena. Hauchoki mpaka ainuke auzime. Katika nchi ambayo treni ikichelewa kidogo abiria huombwa radhi, mfuko huo si mchezo.

Huko huko Japani wako waliojaribu harufu. Walitengeneza kengele ya moto kwa ajili ya viziwi yenye kurusha hewani harufu kali ya wasabi, kile kiungo cha kijani kinachopanda puani, na mwaka 2011 wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ambayo hutolewa kwa uvumbuzi unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Sijui nani angependa kuamshwa hivyo kila siku kwenda kazini.

Na sisi? Sisi tulikuwa na jogoo. Jogoo hakujali nani alale nani aamke, wala hapakuwa na haja, kwa kuwa kijiji kizima kilikuwa kikienda shambani pamoja. Kuamka kulikuwa jambo la wote. Ni mji uliotugawa katika zamu, huyu aingie saa kumi na mbili na yule atoke saa hiyo hiyo, ndipo wawili wakalala kitanda kimoja bila kuwa na asubuhi moja. Tunaambiwa jogoo la shamba haliwiki mjini. Likiwika, litamwamsha askari wa usiku aliyelala sasa hivi.

Tena wako watu wasiohitaji kengele ya aina yoyote. Marehemu bibi yangu alikuwa akijiambia usiku, "Kesho saa kumi," akaamka saa kumi. Nilidhani ni maneno ya wazee hadi niliposoma uchunguzi uliofanywa Lübeck, Ujerumani, ukatangazwa mwaka 1999. Watafiti wakiongozwa na Jan Born waliwaambia watu saa watakayoamshwa, kisha wakawapima damu wakiwa wamelala. Kwa wale waliotarajia kuamshwa mapema, homoni ya mwili ya kujitayarisha kwa shughuli ilianza kupanda kama saa moja kabla ya wakati huo. Mwili uliokuwa umelala ulikuwa ukiingoja saa. Bibi yangu alikuwa hana mtambo, lakini alikuwa amekwisha kuutega.

Uzi wa kidole gumba

Walioanza kuhitaji kengele ya kutikisa si sisi tunaoogopa kumwamsha mtoto. Ni viziwi. Kwao kengele ya mlio ni pambo la mezani.

Kabla ya mitambo ya leo, viziwi wa Marekani walijitengenezea hila za kila namna. Hila mojawapo ilikuwa kufunga kitu kizito kama pasi ya chuma kwa kamba iliyounganishwa na saa. Kengele ilipofyatuka, kamba iliachia, chuma kikaanguka sakafuni kwa kishindo, na mtetemo wa sakafu ya mbao ukamwamsha aliyelala. Hebu fikiria walichofikiri majirani wa chini. Baadaye ndipo kikaja kisahani cha godoro, ambacho kwa kweli ni ile ile mota yenye uzito wa upande mmoja, ila kubwa zaidi, imefungwa ndani ya kisanduku cha plastiki kilicho sawa na sahani ya kikombe cha chai, na waya wake umeingia kwenye saa.

Namjua fundi wa cherehani mmoja Mombasa ambaye hakusikia kitu tangu alipougua utotoni. Tulizungumza kupitia kwa mpwa wake aliyenifasiria lugha ya ishara. Lugha hiyo, kwa wasiojua, imetajwa katika Katiba yetu ya 2010 kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Akanieleza kuwa kwa miaka mingi alikuwa akiamshwa kwa uzi. Mwisho mmoja ulifungwa kwenye kidole gumba cha mguu wake, mwisho wa pili ulipita chini ya mlango ukafika kwa mamake chumba cha pili. Alfajiri mama aliuvuta mara tatu. Ukivutwa mara nyingi mfululizo, maana yake ni hatari, inuka utoke.

Mama alipofariki, uzi haukuwa na wa kuuvuta. Wifi yake alijitolea kuja kumgusa bega, na alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na watoto wake na usingizi wake. Siku nyingine alikumbuka na siku nyingine alipitiwa. Sare za shule zilizoahidiwa Jumatatu zikawa za Jumanne. Wateja hawakusema kitu mbele yake, wakaanza kupeleka vitambaa kwingine. Fundi huyu akaanza kulala akiwa ameketi, taa inawaka, ili usingizi usimzamishe. Kwa muda wa miezi kadhaa, akasema, hakulala usingizi wa haki hata usiku mmoja.

Kisha mpwa wake mwingine, anayefanya kazi Ghuba, akamletea kisahani hicho. Nilimwuliza alionaje usiku wa kwanza. Akacheka, akatikisa mikono yote miwili kama aliyepanda lori lililobeba mawe. Kisha akasema jambo ambalo mpwa wake alilifasiri polepole: "Zamani nilikuwa naamka mtu akikumbuka."

Kisahani chake hutumia stima, na stima yetu twaijua. Kwa hiyo ameshona mfuko mdogo kwenye foronya, na humo hutia simu iliyotegwa itetemeke dakika kumi baada ya kisahani. Stima ikiwepo, simu huikuta amekwisha kuoga. Stima ikipotea, simu humwamsha.

Nilipomwambia kwamba watu wanaosikia nao wameanza kununua vitu hivi ili wasiwasumbue wenzao, alistaajabu. Alidhani kusikia ni kuweza kila kitu.

Je, huamsha kweli?

Swali hili naulizwa kila mara, na jibu ni kwamba huamsha wengi, si wote. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Victoria huko Australia, Dorothy Bruck na Ian Thomas, walitangaza majaribio waliyoyafanya kwa watu wenye usikivu hafifu. Walitaka kujua kengele ya moto iwe ya namna gani. Watu hao walilazwa wakaachwa wazame katika usingizi mzito, kisha wakajaribiwa kwa njia mbalimbali. Vitikisa vya kitanda na vya mto viliwaamsha kama 80 katika kila 100. Taa kali za kumetameta, ambazo watu waliziamini mno, ziliwaamsha 27 tu. Kilichoshinda vyote kilikuwa mlio mzito wa hertz 520, ulioamsha 92 katika kila 100. Mlio mwembamba wa juu, kama ule wa kengele nyingi za moto, si rafiki wa sikio bovu.

Wanne katika kila watano basi. Kwa mtu anayekwenda sokoni, hiyo yatosha. Kwa rubani au kwa mwenye kunywa dawa saa maalum, haitoshi, na huyo namshauri aweke na kengele ya mlio, itege nyuma ya ile ya kutikisa kwa dakika tano. Akiamka kwa mtetemo aizime ile ya pili kabla haijafungua kinywa. Majirani hawatajua kamwe kwamba iko.

Na yafaa kujijaribu siku ambayo huna safari. Anza usiku wa kuamkia siku ya mapumziko. Ukanda usilegee ukazunguka mkononi kama bangili, bali ukamate ngozi, ila usizuie damu. Mtetemo unaokuja na kukatika, kuja na kukatika, huamsha vizuri kuliko ule unaovuma mfululizo, kwa sababu mwili hukizoea upesi kitu kisichobadilika. Hii ndiyo sababu watu hulala fofofo ndani ya basi linalotetemeka toka Mombasa hadi Nairobi, wakaamka linaposimama.

Kuna jambo ambalo wengi hawalifahamu. Mtetemo ukikutana na kitu kigumu hugeuka kelele. Simu iliyowekwa juu ya meza ya mbao hunguruma kama kinu cha kusaga. Ikiwekwa juu ya sanduku la bati, afadhali ungeipigia tarumbeta. Ikitambaa mpaka ukingoni ikaanguka sakafuni, umewaamsha hata wa ploti ya pili. Mahali pake ni mwilini, au katika kitu laini.

Hata hivyo simu isilazwe chini ya mto ikiwa inatiwa chaji. Betri zake hupata moto, na mto huzuia joto lisitoke. Zimetokea nchi nyingi ajali za matandiko kuungua. Itie chaji mapema, ichomoe, kisha ndiyo ulale nayo.

Godoro nalo lina neno. Godoro la springi hubeba mtikiso toka upande hadi upande, kwa hiyo kisahani kikubwa kitamwamsha na mwenzio. Sponji humeza sehemu kubwa ya mtikiso huo. Wenye kulala wawili wakitaka amani wachague ukanda wa mkononi, na kisahani wamwachie anayelala peke yake.

Hayo yote ni bure ikiwa mwenyewe ni mtu wa kelele. Nimewaona watu wenye kengele kimya kabisa wakiamka, wakawasha taa, wakafungua redio ya habari, wakaangusha sufuria. Ustaarabu wa alfajiri hutayarishwa jioni. Nguo ziwe zimetundikwa msumarini kwa mpango wa kuvaliwa. Viatu viwe mlangoni, soksi ndani yake. Chai iwe imekwisha kutiwa kwenye thamosi. Funguo zifungwe kitambaa zisigongane. Bawaba za mlango zitiwe mafuta, hata mafuta ya kupikia yafaa. Mtu wa mikate niliyemtaja hapo mwanzo hutoka ndani kwa dakika tisa bila taa, na najua watu wenye shahada ambao hawawezi.

Kitanda chenye baridi upande mmoja

Isije ikadhaniwa kwamba kila mtu amefurahi. Muuguzi mmoja wa rika langu alinunua ukanda huo kwa huruma ya mumewe, ambaye kwa miaka 11 alikuwa akiamshwa na kengele ya zamu isiyokuwa yake. Alitarajia shukrani. Wiki ya pili mume akawa mkimya. Alipoulizwa akasema, "Mama watoto, naamka nakuta kitanda kina baridi upande mmoja. Sijui hata uliondoka saa ngapi."

Kumbe kengele ile ya zamani, pamoja na ubaya wake wote, iliwapa dakika mbili za kuulizana. Una nauli? Mvua yanyesha? Mtoto alikohoa usiku? Baada ya hapo ndipo mume alipogeuka akalala tena huku akinung'unika.

Wamepatana hivi: ukanda humwamsha mke peke yake, naye hujitayarisha kimya, na akisha kuvaa koti humgusa mumewe begani mara moja kabla ya kufungua mlango. Mume hulala dakika 40 zaidi ya zamani, na kuagana kupo. Nilipomwuliza mume kama hiyo si kuamshwa vile vile, alinitazama kama mtu asiyejua lolote la ndoa. "Kuamshwa na mkono si kuamshwa na kengele, bwana," akasema.

Wako pia wanaolalamika kwamba tunajifungia kila mmoja katika saa yake, mpaka mtu akifa usiku jirani hajui. Sikubaliani nao sana. Mtu aliyelala vizuri huwa jirani mwema zaidi ya yule aliyeamshwa mara nne kwa kengele za watu. Lakini nakiri kuna kuamka ambako hakutaki siri, na kwa hilo sina budi kutaja Ramadhani.

Katika mji wa kale wa Mombasa, kama ilivyo Lamu na Unguja, vijana hupita vichochoroni usiku wa manane wakipiga ngoma na madebe kuwaamsha watu wale daku. Hapo kelele ndiyo ihsani. Nyumba isiyoamka huitwa mpaka ijibu, na ambaye hafungi huvumilia, kwa kuwa mwezi una siku zake.

Mwaka jana nilimwuliza mmoja wa vijana hao yeye mwenyewe huamshwa na nani, maana lazima awe macho kabla ya wote. Alikunja mkono wa kanzu akanionyesha ukanda mweusi. Alikuwa akilala chumba kimoja na nyanya yake na wadogo zake watatu. Ukanda humtikisa saa nane na nusu, akanyata akawaruka mmoja mmoja pale mkekani, akafungua mlango polepole asiwakatishe usingizi. Kisha huchukua debe lake pale nje, akalipiga.